Mnara Unasikika, Simu Haisikiki: Tatizo la Mtandao Kusini Liko Kwenye Majibu

Tangu msimu wa 2024/2025, korosho za Mtwara na Lindi zinauzwa kwa mnada wa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Zile zabuni za bahasha zilizokuwa zikidumbukizwa sandukuni na kufunguliwa mbele ya wakulima zimeachia nafasi bei zinazowekwa kwenye mfumo. Kwenye vyama vya msingi, AMCOS, mizani ya kidijitali imeanza kuingia, mkulima anasajiliwa kwenye mfumo ndipo apate salfa ya ruzuku, na pesa yake inapita benki au kwenye simu. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Ukizungumza na watu wa huku sasa, utagundua malalamiko yenyewe yamebadilika. Zamani ilikuwa "huku hakuna mnara." Leo ni "mnara upo, vistari vimejaa, lakini muamala unazunguka tu."

Jibu ambalo wengi wanalitoa kwa malalamiko haya ni kwamba kasi ni ndogo, basi tuongezewe minara na tuletewe 5G. Mimi naamini tunatafuta dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Sehemu kubwa ya kero hii inatokana na njia ya kurudi, yaani ile kazi ndogo isiyoonekana ambayo simu inaifanya kila mara: kumwambia mtumaji "nimepokea." Mtandao wowote wa redio unatumia muda, nguvu na nafasi ya hewani kubeba uthibitisho huu, na pale simu inapokuwa dhaifu au mbali, uthibitisho ndio wa kwanza kupotea. Tusipolielewa hili, tutaendelea kupima mafanikio kwa idadi ya minara na megabiti za kupakua, huku mkulima wa Nanyumbu akiendelea kusubiri meseji ambayo haiji.

Uthibitisho uliingia kwenye redio kwa sababu ya msingi kabisa. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha kompyuta za visiwani. Vituo vyote vilikuwa vikirusha kwenye masafa yaleyale bila kupangiana zamu, kwa hiyo pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, zikigongana hewani zilikuwa zinaharibika, na mtumaji hakuwa na namna ya kujua. Dawa yao ilikuwa rahisi: kituo kikuu kikipata pakiti salama kinarudisha ishara, na mtumaji asipoiona anangoja muda wa kubahatisha kisha anatuma upya. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado tunaishi kwa kanuni hiyo. Redio inayorusha haiwezi kusikia kinachoendelea upande wa pili, kwa sababu sauti yake yenyewe ni kubwa mno ukilinganisha na chochote kinachoifikia kwenye masafa hayo. Lazima mtumaji aambiwe. Na kila akiambiwa, hewa iliyotumika kumwambia haibebi kitu kingine.

Hapo ndipo jiografia yetu inapoingia. Simu ya kawaida ya 4G inaruhusiwa kurusha kwa nguvu isiyozidi takriban wati 0.2. Mnara unarusha kwa wati 20, 40 au zaidi. Tofauti ni mara 100 na kuendelea. Mawimbi yanapungua kwa kiasi kilekile yakienda na yakirudi, kwa hiyo anayeanza na sauti ndogo ndiye anayefika akiwa hasikiki. Wahandisi wanajua hili siku zote. Wameupa mnara antena kubwa na vipokezi vyenye masikio makali ili kufidia sehemu ya tofauti hiyo. Lakini fidia ina mwisho. Uwanda wa Makonde unapanda taratibu kutoka pwani mpaka Newala, halafu unakatika kwa genge refu linalotazama bonde la Ruvuma na Msumbiji. Mnara ulio juu unamwaga mawimbi bondeni, na simu iliyo chini yake, katikati ya mikorosho yenye majani mazito, inaonyesha vistari vya kutosha. Vistari hivyo vinapima jambo moja tu: simu inausikiaje mnara. Havisemi lolote kuhusu mnara unaisikiaje simu. Mtu akikuonyesha kioo na kukuambia "ona, netiweki imejaa," amekuonyesha nusu ya habari.

Simu ikijikuta katika hali hiyo, njia yake ya kusikika ni kuikusanya nguvu yake ndogo kwenye kipande chembamba cha masafa na kusema polepole, au kurudia neno lilelile mara kadhaa. Inasikika, lakini njia ya kupanda kwenda mnarani inakuwa nyembamba sana. Watu wengi hawaoni tatizo hapa, kwa sababu wanadhani anayepakua video au kufungua ukurasa hatumii njia ya kupanda. Hesabu inasema vingine. Intaneti yetu kwa sehemu kubwa inaendeshwa kwa itifaki ya TCP, yaani utaratibu wa kutuma pakiti na kuhakikisha zimefika, ambao kwa kawaida inarudisha uthibitisho mmoja kwa kila pakiti mbili zinazopokelewa. Pakiti iliyojaa ni baiti 1,500. Uthibitisho mtupu ni baiti 40. Ukipakua kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, unapokea pakiti takriban 1,670 kila sekunde, na simu yako inatakiwa kurusha majibu zaidi ya 830 katika sekunde hiyohiyo. Jumla yake ni kilobiti kama 267 kwa sekunde za kusema "nimepokea" tu. Uwiano ni 75 kwa 1. Maana yake ni kwamba simu ambayo njia yake ya kupanda imebanwa kwenye kilobiti 100 haiwezi kupakua kwa zaidi ya megabiti 7.5, hata mnara uwe na uwezo wa mara kumi ya hapo. Na hiyo ni hesabu ya simu moja iliyo peke yake. Jioni, watu wametoka shamba na wote wako mtandaoni, njia hiyohiyo wanaigawana.

Tena huo ni uthibitisho wa ngazi moja. Chini ya TCP, redio ya 4G ina wake: kila kipande cha milisekunde 1 ambacho mnara unakituma, simu inakichunguza na milisekunde 4 baadaye inajibu kama kimefika salama au kimeharibika. Juu ya huo kuna tabaka jingine la redio linalotoa taarifa ya vipande vilivyokosekana kwa mpangilio. Kisha inakuja TCP. Kisha programu yenyewe inarudisha ujumbe wa "imekamilika," na mwisho wa yote kampuni inatuma meseji ya muamala. Pakiti moja ya pesa inathibitishwa na tabaka nne au tano ambazo hazijuani, kila moja ikiwa na saa yake ya kukata tamaa. Tabaka la chini likichelewa, la juu linadhani pakiti imepotea na kutuma upya, na huo utumaji upya unaibana zaidi njia iliyokwisha kubanwa.

Niliwahi kuyaona madhara yake kwa wakala mmoja Kitangari. Bibi mmoja alikuwa anatoa pesa aliyotumiwa na mwanawe. Kijana wa wakala akamwambia, "Bibi, subiri kidogo, meseji haijarudi." Bibi akajibu, "Mjukuu wangu, pesa si imeshakatwa? Mie gari litaniacha." Salio lake kweli lilikuwa limekatwa. Kwa wakala hakuna meseji iliyoingia, na asingeweza kumpa noti bila hiyo. Ombi lilifika, seva ikafanya kazi yake, na jibu ndilo lililopotea njiani. Ule muamala ulifika salama kabisa mpaka kwenye seva. Kwa kila kipimo cha usambazaji wa mtandao tunachokitangaza, pale palikuwa na huduma.

Habari njema ni kwamba tatizo hili lina historia ndefu ya kutatuliwa, na suluhisho zake nyingi hazihitaji chuma kipya. Chukua Wi-Fi. Katika toleo lake la kwanza la mwaka 1997 kila fremu, yaani kila kifurushi cha data kinachorushwa, ilikuwa inajibiwa peke yake: fremu moja, kimya kifupi cha mikrosekunde kadhaa, jibu, kimya kingine, ndipo fremu inayofuata. Kasi ilipopanda hadi megabiti 54, mtumiaji aliishia kupata karibu nusu tu, kwa kuwa kimya na majibu havikupungua kwa kiasi ambacho fremu zenyewe zilikuwa zimefupishwa. Kiwango cha 802.11e cha mwaka 2005 kikaleta uthibitisho wa mkupuo, na 802.11n ya mwaka 2009 ikauunganisha na ufungaji wa fremu nyingi katika mrusho mmoja: fremu 64 zinakwenda, na jibu moja linarudi likiwa na orodha ya biti 64, kila biti ikisema fremu yake imefika au haikufika. Matoleo ya baadaye yamefikisha 256 na kuendelea. Mtu wa korosho anaielewa mara moja. Karani wa ghala hakuandikii karatasi kwa kila kilo. Anapima mzigo mzima na kukupa stakabadhi moja, na kama gunia la tano limekataliwa kwa unyevu, limeandikwa humo na ndilo peke yake utakalorudi nalo nyumbani kulianika upya.

Gunia la tano hilo ndilo linalotenganisha uthibitisho mzuri na mbaya, na hapa pana mjadala wa kweli miongoni mwa wahandisi. Njia ya kwanza ya kubana majibu ni kuyaunganisha yote kuwa biti moja: kama vipande vyote vimefika, ndiyo, kama hata kimoja kimekosekana, hapana. 4G ina namna hii kwa mifumo inayotumia masafa mamoja kwenda na kurudi kwa zamu. Inaiokoa simu dhaifu, maana inarusha kidogo sana, lakini kipande kimoja kikiharibika vyote vinatumwa upya, hata vile vilivyofika salama. Njia ya pili ni kumpa kila kipande biti yake. Usahihi unapanda, mzigo wa simu unapanda pia. 5G imejaribu kupita katikati: mtandao unaweza kuligawa pakiti kubwa katika mafungu ya vipande na kupokea jibu kwa kila fungu, ili lirudiwe fungu lililoharibika tu, na unaweza kuchagua kama orodha ya majibu iwe na urefu usiobadilika au ifuate idadi ya pakiti zilizotumwa kweli. Urefu usiobadilika ni salama zaidi, kwa kuwa mnara na simu hawapotezani hata tangazo moja la mnara kuhusu pakiti inayokuja likikosekana. Urefu unaobadilika unaokoa nafasi. Hakuna jibu moja linalofaa kila mahali. Kwa simu iliyo mita 300 kutoka mnarani pale Mtwara mjini, ningechagua usahihi. Kwa simu iliyo ukingoni mwa eneo la mnara kule Liwale, ningekubali kurudia vipande vichache ili jibu lenyewe lifike.

Kuna hoja ninayoisikia kutoka kwa watu wanaojua teknolojia kiasi, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba uthibitisho ni biti moja au mbili tu, kwa hiyo hauwezi kuwa mzigo. Hoja hii inachanganya udogo wa ujumbe na gharama ya kuufikisha. Biti ya data ikiharibika, kuna mahesabu ya kuirekebisha, na ikishindikana inaombwa tena. Mitandao ya simu kwa kawaida inavumilia kipande 1 katika kila 10 kiharibike kwenye mrusho wa kwanza. Biti ya uthibitisho haina wa kuithibitisha. Kwa sababu hiyo viwango vya 4G vinadai mnara usikose "ndiyo" zaidi ya mara 1 katika 100, na usiisome "hapana" kama "ndiyo" zaidi ya mara 1 katika 1,000. Makosa hayo mawili hayafanani. "Ndiyo" ikipotea, mnara unatuma upya kitu ambacho simu inacho tayari, hasara yake ni hewa. "Hapana" ikisomwa kuwa "ndiyo," mnara unaendelea mbele ukiacha pengo, na pengo hilo linakuja kugundulika kwenye tabaka la juu baada ya muda mrefu zaidi. Ili kulifikia sharti hilo, simu iliyo mbali inalazimika kuirudia biti ileile kwa milisekunde kadhaa, ikitumia betri na nafasi ambayo ingebeba data. Biti hiyo moja, kwa nguvu inayotumika kuifikisha, ni ghali kuliko biti yoyote nyingine inayotoka kwenye simu hiyo.

Hoja ya minara zaidi ina nguvu kuliko hiyo, na sitaki kuidharau. Mnara ukisogea karibu, sauti ndogo ya simu inatosha, na mengi ya niliyoyataja yanapungua. Vijiji ambavyo havina kabisa mawasiliano vinahitaji mnara kabla ya kuhitaji uchambuzi wangu. Vilevile si kila mkwamo unatoka kwenye njia ya kupanda: Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilihisi, na hakuna mpangilio wa majibu ambao ungeliokoa hilo. Lakini mnara unahitaji umeme, mafuta ya jenereta au sola, ulinzi, barabara ya kufika na kiungo cha kuupeleka trafiki yake mjini. Kwa kata yenye watu wachache waliotawanyika mashambani, mnara wa pili hautakuja haraka. Wakati unasubiriwa, ule wa kwanza unaweza kurekebishwa kwa mipangilio.

Kuhusu 5G, wanaoingoja kama mkombozi wa vijijini wasubiri kwanza wajue itarushwa kwa masafa gani. Kasi kubwa tunazozisikia kwa sehemu kubwa zinatokana na masafa ya juu, kama megahezi 3,500, ambayo yanakufa haraka kwa umbali na kwa majani ya miti. Simu haijaongezewa nguvu kwa kiasi cha kufidia hilo. Kwa hiyo eneo ambalo mnara unaisikia simu linapungua, hata kama eneo ambalo simu inausikia mnara limebaki kubwa. Wahandisi wanalikwepa hili kwa kuiacha data ishuke kwa masafa ya juu huku majibu yakipanda kwa masafa ya chini, megahezi 700 au 800, yanayokwenda mbali. Kampuni itakayotuambia inaleta 5G Masasi au Ruangwa iulizwe swali hilo: majibu ya simu yatapanda kwa masafa gani?

Upande wa pili kuna hoja ya tahadhari, na hiyo ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Inasema kwamba ukipunguza uthibitisho unacheza na uhakika, na penye pesa za watu uhakika hauchezewi. Ni kweli kwa uthibitisho wa mwisho, ule unaotoka kwenye seva ya benki kumwambia mteja pesa imefika. Huo usiguswe. Ila uhakika huo hauletwi na wingi wa majibu ya kati. Mwaka 1978 mtaalamu wa hifadhidata Jim Gray alilieleza tatizo lililokwisha kujulikana, kwa mfano wa majenerali wawili wanaopelekeana wajumbe wanaoweza kutekwa njiani: kwenye njia inayopoteza ujumbe, hakuna idadi yoyote ya majibu na majibu ya majibu itakayowapa pande zote mbili uhakika kamili. Ukiongeza jibu moja, anayelituma naye anabaki hajui kama limefika. Anayetaka usalama wa pesa kwa kuongeza "thibitisha tena, bonyeza 1" anaongeza safari za kwenda na kurudi kwenye njia ileile mbovu, na kila safari ni nafasi nyingine ya kukwama.

Usalama unapatikana kwa kufanya kurudia kusiwe na madhara. Kila ombi linapewa namba yake ya kumbukumbu kwenye simu au kwenye mizani kabla ya kutumwa. Seva ikiipata namba ambayo imeshaifanyia kazi, inarudisha jibu lilelile bila kukata pesa mara ya pili wala kuandika kilo mara ya pili. Hapo karani wa AMCOS anaweza kubonyeza tena bila hofu. Anaweza pia kupima mchana kutwa bila mtandao, mizani ikahifadhi, na jioni ikatuma mzigo wote kwa mkupuo na kupokea jibu moja lenye orodha. Mfumo unaotaka kila gunia lijibiwe na seva ya Dar es Salaam ndipo gunia linalofuata lipandishwe mizanini umebuniwa na mtu aliyekaa kwenye mtandao mzuri.

Kuna mahali ambapo uthibitisho bora ni kutokuwepo kabisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani karibu na Mafia, mvua zake ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na watu wakakaa siku njiani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari mapema. Swali langu ni namna tahadhari inavyowafikia wavuvi wa Songosongo, Kilwa Kivinje au Mikindani. Ikitumwa kwa meseji za kawaida, kila simu inatafutwa peke yake, inapokea ujumbe wake na kurudisha jibu lake. Simu laki moja ni majibu laki moja, kwenye saa ambayo kila mtu naye anampigia ndugu yake. Kuna utaratibu mwingine, wa matangazo ya seli, uliomo kwenye viwango tangu enzi za 2G: mnara unatangaza mara moja, simu zote zilizo chini yake zinasikia, hakuna inayojibu. Haujali kama mtandao umejaa. Gharama yake ni kwamba mtumaji hajui nani amepata, lakini kwa onyo la kimbunga unaweza kulirudia tangazo kila dakika chache bila kumlemea yeyote. Kwa pwani yetu, hili ningeliweka mbele ya mengi.

Kwa setilaiti tatizo linakuwa kubwa zaidi. Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja iko kilomita karibu 36,000 juu; data kwenda na jibu kurudi ni kilomita 144,000, karibu nusu sekunde kwa mwendo wa mwanga. Minara inayounganishwa kwa njia hiyo hutegemea visanduku vinavyojibu kwa niaba: kisanduku kinampa mtumaji "nimepokea" mapema, halafu chenyewe kinabeba jukumu la kufikisha. Toleo la 17 la viwango vya 5G, lililokamilika 2022, limekwenda mbali na kuruhusu majibu ya redio yazimwe kabisa kwenye viungo vya setilaiti, kazi ya kugundua mapengo ikaachiwa tabaka la juu. Wenye viwango wenyewe, basi, wamekwisha kukubali kwamba uthibitisho ni kitu cha kupimwa faida na gharama yake mahali kinapotumika.

Nini kifuate? La kwanza ni kipimo. TCRA, mdhibiti wa mawasiliano nchini, ina mamlaka ya kupima ubora wa huduma, na mikataba ya UCSAF inatumia pesa za umma. Eneo lisihesabiwe kuwa limefikiwa kwa sababu tu simu inausikia mnara. Lihesabiwe pale ambapo mnara nao unaisikia simu ya kawaida, ile ya bei ya chini iliyo mfukoni mwa mkulima, ikiwa ndani ya nyumba na chini ya mikorosho. Na kipimo kinachomgusa mwananchi kuliko megabiti ni hiki: katika miamala 100 iliyoanzishwa, mingapi ilikamilika mara ya kwanza na meseji ikarudi ndani ya sekunde 30. Kampuni zinazo takwimu hizi kwenye seva zao, kwa kila mnara. Kuzichapisha hakuhitaji hata nguzo moja mpya.

La pili ni mipangilio. Mtandao unaweza kuiruhusu simu iliyo ukingoni irudie majibu yake, kuitengea nafasi ya kupanda bila kuilazimisha iiombe kila mara, na kuyapunguza majibu ya TCP yanayofuatana pale ambapo la mwisho linayajumuisha yote yaliyotangulia. Mambo haya hurekebishwa na wahandisi waliokaa ofisini, mara nyingi kwa mipangilio ileile nchi nzima, na mpangilio uliofaa Kariakoo hauna sababu ya kufaa Mangaka.

La tatu linawahusu wanaoandika mifumo ya korosho, ufuta, pembejeo na malipo. Msimu wa mnada unafunguliwa Oktoba. Kabla haujafunguliwa, mfumo wowote unaotegemewa na vyama vikuu vya ushirika, iwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, upelekwe kwenye AMCOS iliyo mbali kuliko zote katika eneo lake, siku ya kawaida, jioni, kwa simu ya kawaida. Wapime magunia, wakate mtandao katikati kwa makusudi, waurudishe, kisha wahesabu: kilo zilizo kwenye mizani na kilo zilizo kwenye seva zinalingana? Kuna gunia lililoandikwa mara mbili? Karani alijua bila kupiga simu mjini kwamba mzigo umefika? Kama jibu la lolote kati ya hayo si la kuridhisha, mfumo usiingizwe msimu huo, na wakulima waendelee na karatasi mpaka urekebishwe.